Safu ya Aliyesikia

Madaftari ya Mwalimu yalikuwa ishirini na tisa, moja kwa kila mwaka, na yalikaa sebuleni kwenye kabati la vioo, rafu ya juu, mahali ambapo nyumba nyingine huweka vyombo vya wageni. Mjane wake aliyapangusa vumbi kila wiki, moja baada ya jingine, ingawa siku hizi kunyanyua mikono juu ya mabega kulimfanya akae chini baadaye na kusahau alichokuwa anakwenda kufanya. Mwalimu alikuwa amezikwa miezi kumi na minne iliyopita. Uchovu wa msiba ulikuwa umekwisha kitambo. Huu uliobaki ulikuwa mwingine, wa mtu aliyemaliza kazi na hakuna aliyemwambia aende nyumbani.

Mtaa mzima ulimwita Mama Karani. Jina hilo alilipata kwa mumewe, kwa utani, mwaka walipooana, kwa sababu alikuwa karani wa masjala ya hospitali na alikuwa na tabia ya kuuliza, "Nani kasema? Lini?" hata kwa habari ya chumvi kuisha. Miaka thelathini na mmoja alikaa kati ya mafaili ya wagonjwa. Hakuna faili lililopotea mkononi mwake, na wauguzi waliomcheka kwa ukali wake ndio hao hao waliokimbilia dirishani kwake mambo yalipowaharibikia. Sheria yake ilikuwa moja, na kila karani mpya aliimeza siku ya kwanza: kosa halifutwi, wala halipakwi rangi nyeupe. Linapigwa mstari mmoja tu, liendelee kusomeka. Kilicho sahihi kinaandikwa juu yake, na herufi za jina lako pembeni.

"Ukifuta," aliwaambia, "umeniongopea mara mbili."

Nyumbani kwake napo alikuwa hivyo hivyo. Mapazia yalipigwa pasi. Watoto wawili walisoma mpaka mwisho, wakaenda kufanya kazi mbali, na hakuna jirani aliyewahi kusikia sauti ikipanda ndani ya ua ule. Mara moja tu watu walimwona amekasirika hadharani, nayo ilikuwa katika ule mwaka Mwalimu alipougua. Alirudisha kipimajoto dukani, akamwambia mwenye duka la dawa kwamba ameuziwa kitu kibovu, hakilii kinapomaliza kupima. Akapewa kingine, nacho hakikulia. Akamwambia mwenye duka maneno ambayo mtaa uliyahadithia wiki nzima, kwa heshima lakini kwa kicheko.

Mwalimu alifundisha biolojia katika shule ya sekondari, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, inyeshe isinyeshe, alikwenda kuhesabu ndege katika msitu ulio juu ya matangi ya maji. Njia ilikuwa ile ile: vituo kumi na viwili, dakika tano kila kituo. Hakuhesabu kwa macho. Katika msitu mnene macho ni mzigo tu. Ndege yuko juu, jani liko mbele yake, na wewe unaumia shingo bure. Alihesabu kwa masikio, huku mkewe amesimama nyuma yake hatua mbili, daftari mkononi, akiandika anachoambiwa.

Ndege walikuwa wengi, lakini wawili ndio waliomnyima Mwalimu usingizi. Wote wawili ni wadogo, mgongo kijani, tumbo manjano iliyopauka. Wakikaa tawi moja, hata mama yao angewachanganya. Tofauti yao iko kooni. Mmoja Mwalimu alimwita Mpayukaji, maana sauti yake ni nzito na ya haraka, kama watu wawili wanaogombana juu ya ua na wote wana haki. Mwingine alimwita Sindano. Huyu anatoa mlio mmoja tu, mwembamba, unaopanda na kupanda mpaka hujui kama umekatika au umekuzidi.

Na tabia zao ni mbalimbali. Mpayukaji anaishi popote pale: kwenye ua wa shule, miti ya makaburini, vichaka vilivyoota baada ya watu kukata na kuondoka. Kadiri watu wanavyoharibu, ndivyo yeye anavyozaana. Sindano anataka miti mizee inayogusana juu, kivuli juu ya kivuli. Hakanyagi mahali peupe. Ukikata barabara ya lori moja katikati ya msitu wake, hatavuka. Umempa magereza mawili badala ya nyumba moja. Mwaka wa kwanza Mwalimu alihesabu Sindano arobaini na mmoja kwa safari na Mpayukaji kumi na mmoja. Daftari la kumi na tisa lilisema thelathini na thelathini. La ishirini na saba lilisema Sindano kumi na saba, Mpayukaji hamsini. La mwisho lilikuwa na Mpayukaji mpaka pembeni mwa ukurasa, na kwa Sindano sifuri, sifuri, sifuri.

Kwa ajili ya sifuri hizo ndipo Mtafiti alipokuja, Jumanne moja asubuhi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, buti zenye matope na begi la karatasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ingia na buti zako, sakafu hii imezoea. Aliyekutangulia alikuwa na buti kubwa kuliko hizo."

Mtafiti alikaa ukingoni mwa kiti, kama wakaavyo watu wenye habari mbaya. Mama Karani alimwekea chai, akavaa saa yake ya mkononi aliyokuwa ameivua jikoni, akakaa mbele yake.

"Mama, madaftari haya ndiyo kitu pekee tulichonacho," alisema Mtafiti. "Hakuna mtu mwingine aliyehesabu mahali pamoja kwa muda wote huo."

"Najua. Mwandiko ni wangu."

"Kamati ya kupanga ndege kwenye orodha ya hatari ya kutoweka inakaa mwisho wa mwezi. Mpayukaji ameshapita, ameandikwa 'hana wasiwasi', na hakuna aliyebisha. Kesi ni ya Sindano."

"Kesi gani? Ametoka arobaini mpaka sifuri. Hata asiyejua kusoma anaona ukurasa ni mweupe."

"Ndiyo hapo." Mtafiti alizungusha kikombe chake. "Kuna mjumbe amesema huenda ndege hakupungua. Amesema huenda kilichopungua ni masikio ya Mwalimu."

Mama Karani alisogeza kikombe chake.

"Samahani mama. Ni kwamba mtu akizeeka, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kumtoka. Mpayukaji atamsikia siku zote. Sindano anaweza kuwa amekaa juu ya kofia yake na asijue."

"Huyo mjumbe alimfahamu mume wangu?"

"Hapana."

"Basi ana bahati. Marehemu angemtoa nje ya darasa."

Mtafiti alicheka kidogo, akatoa karatasi moja kwenye begi. Ilikuwa fomu ya ushahidi. Mtu aliyefuatana na mhesabuji athibitishe kwamba masikio ya mhesabuji huyo yalikuwa mazima mpaka safari ya mwisho. Sahihi moja tu chini. Ikiwepo, Sindano ataandikwa 'hatarini', na barabara ya kushushia magogo inayopangwa haitapitishwa kwenye mteremko wa msitu ule. Isipokuwepo, madaftari yatawekwa pembeni.

"Pembeni wapi?"

"Yatahifadhiwa, mama."

"Najua maana ya kuhifadhiwa. Nimehifadhi watu miaka thelathini na mmoja." Aliichukua karatasi, akailaza juu ya meza, akaweka kikombe chake kitupu juu yake isipeperuke. "Niachie."

Alipobaki peke yake hakuisoma tena. Alilitoa daftari la ishirini, akalifungua ukurasa wa mwezi wa tatu. Hakuhitaji kusoma, alikuwa anaukumbuka. Kituo cha nne, Sindano wawili walikuwa wakiimba juu yao, kushoto na kulia, kama watu wanaovutana uzi. Mwalimu alikuwa amefumba macho kama kawaida yake. Akasema, "Mpayukaji watatu. Basi."

"Basi?" aliuliza yeye.

"Basi."

Akaandika basi. Mwezi uliofuata, kituo hicho hicho, hakuweza kunyamaza. Alisema kwa upole, kama mtu anayeulizia mvua, "Pale kulia hapana kitu?" Mwalimu aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko dakika tano zote alizowahi kukaa, kisha akasema, "Ndiyo. Sindano. Andika wawili."

Alikuwepo mmoja. Mama Karani akaandika mmoja.

Tangu siku ile aliandika anachokisikia yeye. Mwalimu alisimama mbele, amefumba macho, akitaja Mpayukaji na wengineo wenye sauti nzito. Mkewe alisimama nyuma, akasikia nyembamba zote, akaandika, akanyamaza. Wakirudi nyumbani, Mwalimu alivaa miwani, akausoma ukurasa mstari kwa mstari na kutia sahihi. Siku moja aliukazia macho kwa muda, akasema, "Leo nimesikia wengi kuliko nilivyodhani." Akainuka, akamwekea chai mkewe, jambo ambalo halikuwa kazi yake. Hakuna aliyeongeza neno, siku ile wala nyingine. Wageni walipokuja na kuyasifu masikio ya Mwalimu, yeye aliangalia chini, na Mama Karani alinyanyuka kurekebisha pazia lisilokuwa na kasoro.

Kwa hiyo mjumbe wa kamati alikuwa amepatia na kukosea kwa pamoja. Masikio yalikwenda kweli. Lakini ndege naye alipungua kweli, maana aliyekuwa anasikia si yule waliyedhani. Kulieleza hilo kulikuwa ni kumvua nguo mtu aliyelala, mbele ya kamati ya watu wasiomjua.

Alhamisi alikuja shemeji yake, kaka mkubwa wa Mwalimu, mkuu wa posta mstaafu, mtu wa tai hata siku ya kupogoa miti. Alibeba kitu kizito kilichofungwa kwa gazeti. Alikifungua polepole juu ya meza. Kilikuwa kibao cha shaba. Shule ilikuwa inaipa maabara yake jina la Mwalimu, sherehe ilikuwa baada ya majuma matatu, na yeye mwenyewe ndiye aliyetunga maneno: jina, na chini yake, ALIYEUSIKIA MSITU MIAKA ISHIRINI NA TISA.

"Unaonaje, shemeji? Fundi alitaka kuweka picha ya kunguru. Nimemkatalia."

"Maandishi yamenyooka," alisema Mama Karani.

"Mbona unasema kama unakagua risiti?" Ndipo alipoiona fomu. Aliisoma yote, akaisogeza kwake. "Sasa hii inakungoja nini? Tia sahihi."

"Masikio yake hayakuwa mazima, shemeji."

"Ya nani yaliyo mazima? Mke wangu anasema mimi sisikii. Mimi nasema ninachagua."

Mama Karani hakucheka. Shemeji alimtazama, akaacha utani. Yeye akamweleza basi, kwa maneno machache, akiangalia kibao na si uso wa mtu: daftari la ishirini, kituo cha nne, na yote yaliyofuata. Alipomaliza, shemeji alikuwa amelegeza tai.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Watoto?"

"Nimesema hakuna."

"Na ndege amepungua kweli?"

"Amepungua."

"Basi uongo uko wapi? Hesabu ni za kweli, ndege anaokolewa, msitu unabaki, na mdogo wangu analala na heshima yake. Unatia sahihi, tunakunywa chai." Alishusha sauti. "Wewe ndiye uliyemsitiri miaka yote hiyo, shemeji. Nakushukuru kwa hilo. Leo ndiyo unataka kumwanika?"

Hilo lilimwingia, kwa sababu lilikuwa kweli. Tena alikuwa amechoka. Kutia sahihi ni kazi ya nukta moja, na kueleza ni kazi ya maisha mengine. Alikata shauri kutia sahihi. Ila alitaka kwanza kumsikia Sindano mara moja, kabla ya kumsemea uongo. Jioni alimpigia simu Mtafiti, akamwambia kwamba anayeshuhudia masikio ya mwenzake sharti aonyeshe ya kwake, na Jumamosi wapite njia ile pamoja.

Jumamosi walianza kupanda jua likiwa bado chini. Matangi ya maji yalinuka kutu kama zamani. Magoti yalimuuma kuanzia ngazi ya tatu, akayaacha yaumie. Kwenye uzio Mpayukaji walikuwa wanabishana tangu mapema.

"Hawa hawana hata aibu," alisema Mtafiti.

"Hawa wangefaa kamati."

Walipatana kwamba kila mmoja ataandika kwake, bila kuongea, wakalinganishe mwisho. Kituo cha kwanza Mama Karani alifumba macho, akashangaa jinsi alivyosimama mbele, mahali pa Mwalimu, bila kukusudia. Alisikia Mpayukaji wawili, njiwa, kigogota akigonga mti uliokauka. Aliandika. Kituo cha pili. Cha tatu. Cha nne alikaa kidogo zaidi. Majani yalisugua majani. Aliandika sifuri kwa mkono uliotulia, na moyo ukamwuma kwa namna ya kawaida, kama unavyouma mtu akipita nyumba ya rafiki na kukuta imefungwa. Kwa hiyo wamekwisha, aliwaza. Tumewamaliza kweli.

Kwenye kituo cha tisa alifumbua macho kabla ya wakati, akamwona Mtafiti anaandika. Alidhani anaandika njiwa.

Walipomaliza walikaa juu ya ukingo wa saruji wa tangi la chini na kuweka karatasi zao pamoja. Mpayukaji: arobaini na nane kwa arobaini na tisa. Mtafiti alitabasamu. Kisha tabasamu likasimama.

"Mama, Sindano umeacha wazi?"

"Nimeandika sifuri. Wewe?"

Mtafiti alisita. "Kumi na mmoja."

"Wapi?"

"Kituo cha nne, wawili. Cha sita..."

"Turudi cha tisa," alisema Mama Karani. "Ndicho cha karibu."

Walirudi kwa njia ile ile. Walisimama. Dakika ikapita, kisha Mtafiti akainua kidole. Mama Karani alisikiliza mpaka akasikia damu yake mwenyewe. Majani, njiwa wa mbali, basi.

"Bado anaimba?"

"Bado, mama. Pale. Tawi lililovunjika."

Mara hii ndege alikuwa amekaa wazi, jambo ambalo Sindano hafanyi ila kwa nadra. Mgongo kijani, tumbo la manjano iliyopauka. Kichwa kimetupwa nyuma, mdomo wazi, na koo lilikuwa linatetemeka, linatetemeka bila kupumzika, kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Mama Karani alimwangalia anavyoimba. Hakusikia kitu.

Alikaa chini juu ya mzizi. Alichokumbuka wakati huo hakikuwa Mwalimu, wala kamati. Kilikuwa kipimajoto. Vipimajoto viwili vizima, na mwenye duka la dawa amesimama nyuma ya meza yake, ameinamisha kichwa, anaogopa kumwambia mama wa watu kwamba kinalia.

"Mama, umechoka?"

"Nimechoka tangu mwaka juzi," alisema. "Nilikuwa sijaambiwa ni masikio."

Njia nzima ya kurudi alikuwa anapiga hesabu ya miaka. Ule mwaka wa vipimajoto ulikuwa wa daftari la ishirini na nane. Ndipo Sindano walipoanguka kutoka kumi na saba hadi wawili, na kutoka wawili hadi sifuri, bila ngazi katikati. Alikuwa ameuandika mporomoko ule kwa uchungu, akiamini anauandika msiba wa ndege. Kumbe Mwalimu alisimama mbele hasikii, na yeye nyuma yake hasikii, watu wawili wazima msituni, kila mmoja akimwamini mwenzake.

Na hapo uongo mdogo wa shemeji ulikosa pa kukaa. Angetia sahihi kulinda hesabu za kweli. Sasa hesabu za mwisho hazikuwa na mwenyewe.

Nyumbani alivua viatu, akaiweka fomu kando bila kuijaza, akachukua karatasi safi yenye mistari. Aliandika kwa mwandiko ule ule wa masjala. Kwamba madaftari ya kwanza hadi ya kumi na tisa yalisikiwa na marehemu mume wake, ambaye masikio yake katika miaka hiyo hayakuwa na mfano. Kwamba ya ishirini hadi ya ishirini na saba, upande wa Sindano, yalisikiwa na yeye aliyeandika barua hii, na katika miaka hiyo ndege alipungua kutoka thelathini hadi kumi na saba, kwa kweli. Kwamba ya ishirini na nane na ishirini na tisa, upande wa Sindano, hayakusikiwa sawasawa na mtu. Akatia sahihi jina lake kamili.

Kisha alishusha madaftari mawili ya mwisho. Kila penye sifuri ya Sindano alipiga mstari mmoja kwa rula, ili isomeke bado. Juu yake akaandika: *sijui*. Pembeni, herufi za jina lake. Mwezi kwa mwezi, kituo kwa kituo. Kwenye sifuri ya hamsini na kitu vidole vilikufa ganzi, akavikunja, akavinyoosha, akaendelea.

Shemeji alipopata habari alikuja siku hiyo hiyo na hakuvua kofia.

"Umemvua nguo."

"Nimemwachia madaftari kumi na tisa," alisema Mama Karani. "Niambie katika ukoo wako wote, wangapi wana hata moja."

"Watu watasema alikuwa kiziwi anayeongozwa na mke."

"Alikuwa mtu aliyesimama msituni mpaka miguu ikakataa. Wakisema hayo mengine, waje hapa kwangu. Nitawauliza nani kasema, na lini."

Shemeji aligeukia mezani, kibao kilipokuwa bado kimelala. "Na kibao?" alisema mwisho. "Shaba haipigwi mstari."

"Hapana. Shaba inarudishwa kwa fundi."

Alikibeba akaondoka bila kuaga. Siku ya sherehe kibao kilikuwa ukutani, kimesuguliwa na kuandikwa upya, na ukikiangalia kwa pembeni kwenye mwanga ungeona bado kivuli cha maneno ya kwanza. Kilisema jina, na chini yake, MHESABUJI WA NDEGE. Shemeji alitoa hotuba fupi. Alikaa kiti cha mbali na Mama Karani, lakini keki ilipokatwa alimletea kipande chake mwenyewe, akamkabidhi bila kumtazama.

Jibu la kamati lililetwa na Mtafiti, kwa mkono, kwa sababu aliona aibu kulituma. Lilikuwa jedwali la ukurasa mmoja, ndege wawili wamewekwa pembeni kwa pembeni. Mpayukaji: hana wasiwasi, anaongezeka. Sindano hakuwa 'hatarini' kama Mtafiti alivyotaka. Wala hakuwa 'hana wasiwasi' kama alivyotaka yule mjumbe. Ameandikwa 'taarifa hazitoshi'. Barabara ya magogo imesimamishwa miaka miwili, mpaka ahesabiwe upya.

"Samahani mama. Ungetia sahihi ile fomu, angekuwa ameingia."

"Angeingia, na mwaka ujao ungekwenda wewe na masikio yako ukawakuta kumi na mmoja palipoandikwa sifuri. Wangekuuliza nini? Wangeyatupa yote, na kumi na tisa ya mume wangu ndani yake." Alilikunja jedwali mara mbili. "Taarifa hazitoshi. Nimeishi nayo hiyo miaka kumi, si ugonjwa wa kuua. Nani atahesabu?"

"Mimi. Ila nahitaji mtu wa kuandika. Ukiandika huku unasikiliza, unakosa vyote viwili."

Mama Karani aliyaangalia magoti yake, kana kwamba ndiyo yaliyoulizwa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi alinunua daftari jipya njiani, la thelathini. Akakaa ukingoni mwa tangi akapiga mistari: kituo, saa, ndege, idadi. Safu nne, kama siku zote. Akaigeuza rula, akapiga mstari wa tano, na juu ya safu hiyo mpya akaandika: *aliyesikia*. Mtafiti aliona, akafunga kamba za buti zake.

Kituo cha nne walifika jua limeshapanda na mgongo wa Mama Karani umeshalowa. Mtafiti alisimama mbele. Yeye alisimama nyuma hatua mbili. Mpayukaji wawili walipiga kelele kwenye kichaka, akawasikia vizuri tu, akasubiri. Msitu ulikuwa kimya kwake kama chumba kilichohamwa. Kisha Mtafiti akainua kidole, na kingine.

"Sindano," alisema. "Wawili."

Mama Karani aliandika mbili, na kwenye safu ya mwisho akaandika jina ambalo halikuwa lake wala la mumewe. Alilipulizia wino ukauke, na wakaenda kituo cha tano.